Siku Tisa za Pikipiki ya Baba Mkwe

Wanaonifuata tangu mwanzo wananijua. Wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza wasijali, aibu yangu ni fupi kuisimulia. Mimi ni fundi pikipiki. Gereji walinipa jina la Sikio, kwa sababu nilikuwa nasikiliza injini tu na kusema inaumwa wapi. Nikafukuzwa kazi, nikamficha mke wangu. Miezi miwili mizima nilitoka asubuhi na ovaroli, nikaenda kukaa kwenye mabenchi ya hospitali kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Jioni nilijipaka grisi viganjani, nikarudi nyumbani nikilalamikia mgongo.

Siku mke wangu alipoamua kuniletea chakula kazini, ndipo nilipoumbuka. Alirudi kwa wazazi wake siku ileile.

"Kazi hutafutwa," aliniambia mlangoni. "Ila mimi siwezi kuishi na mtu ambaye kila neno lake lazima nikalihakikishe kwanza."

Nilimtaka arudi, sikutaka kingine. Mwezi mzima nilipiga simu, hakupokea. Wiki iliyopita niliishia pale simu yangu ilipoita yenyewe, nikaona namba ya baba mkwe, nikasimama wima kana kwamba ananiona.

Hakupiga kwa ajili ya bintiye.

"Pikipiki yangu inazimazima," alisema. "Mafundi watatu wameshindwa. Njoo."

Sikumbuki nilivaaje viatu.

Baba mkwe anashona viti vya pikipiki. Uani kwake kuna cherehani mbili, marundo ya sponji, na mikunjo ya ngozi ya plastiki iliyoegemezwa ukutani. Mke wangu alikuwa palepale anakata sponji kwa kisu kirefu. Aliniona, akaendelea kukata.

"Asubuhi inawaka bila matatizo," baba mkwe akanieleza. "Natembea kama dakika ishirini, inaanza kukohoa, inazima. Napiga kiki mpaka goti linauma, wapi. Nikikaa kando ya barabara hasira ikaisha, inawaka. Natembea kidogo, imezima tena."

"Na ukijaza mafuta, baba?"

"Nikijaza mafuta inapona. Halafu inaumwa upya. Fundi wa kwanza alisema plagi, nikabadilisha plagi. Wa pili akasema kabureta. Wa tatu akaniambia niiuze, yeye yuko tayari kuinunua."

Nikaipanda, nikatoka nayo. Niliizungusha mitaa yote ya karibu. Dakika ya kumi na tisa ikaanza kukohoa.

Nikatega sikio. Injini iliyokosa moto hufa ghafla, kama taa. Iliyokosa mafuta hufa polepole, inahema, inaomba. Hii ilikuwa inaomba, na tangi lilikuwa limejaa zaidi ya nusu.

Nikashuka, nikafungua mfuniko wa tangi. Fyuuu. Hewa ikaingia kwa kishindo mpaka nikahisi baridi kwenye vidole. Nikapiga kiki moja tu, ikanguruma.

Ugonjwa niliujua palepale. Mfuniko wa tangi una kitundu chembamba cha kupumulia. Mafuta yakishuka kwenda kwenye kabureta, hewa lazima iingie juu kushika nafasi yake. Jaribu kumimina mafuta ya kupikia kutoka kwenye dumu lililotobolewa tundu moja tu, utaona yanavyogoma. Ndiyo maana kila aliyefungua tangi kujaza mafuta aliiponya bila kujua.

Na aliyekiziba kitundu ni baba mkwe mwenyewe. Alikuwa ameishonea pikipiki yake koti la tangi: ngozi nyeusi, uzi mwekundu, sponji kwa ndani, na juu ya mfuniko kofia ndogo ya duara aliyoigandisha kwa gundi pande zote ili vumbi na mvua visipite. Visingepita kamwe. Ilikuwa kazi safi sana.

Dawa yake ni dakika moja. Unabandua kofia, basi.

Niliporudi, baba mkwe alikuwa amesimama getini, mikono nyuma. "Umeionaje?"

Nyie mlio na wakwe mtanielewa. Utaanzaje kumwambia mzee wa watu kwamba pikipiki yake inaumwa ushonaji wake? Na mtu mwenyewe ndiyo kwanza unatafuta arudishe imani?

Nikapiga moyo konde. Nilishafungua mdomo, naapa. Ndipo mke wangu akatoka na kikombe cha maji.

"Umefika na jua kali," akasema. "Kunywa."

Mwezi mzima sikuwa nimeisikia ile sauti. Nikanywa maji yale taratibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kunywa maji.

"Eeh, umeionaje?" baba mkwe akarudia.

Nikamtazama mke wangu, nikaitazama pikipiki. Nikafikiri: ikipona leo, kesho nitakuja hapa kufanya nini?

"Hii ni ngumu, baba," nikasema. "Itabidi nije tena kesho."

Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Siku ya pili nilifungua plagi. Ilikuwa na rangi ya kahawia, nzuri, yenye afya. Nikaisugua nusu saa huku nikitikisa kichwa. Siku ya tatu nilishusha kabureta, nikaivunja yote, nikaiosha na kuipuliza mpaka ikawa safi kuliko sahani za nyumbani kwangu. Siku ya nne nikachunguza koili inayopeleka umeme kwenye plagi. Siku ya tano nikabadilisha mpira wa mafuta ambao haukuwa na kosa lolote. Kila nilichokigusa kilikuwa kizima, nami kila mara niliinua uso uliojaa mashaka.

Kuna jambo baya zaidi, na nimejizungusha siku tatu kabla ya kuliandika. Kila jioni nilitoka kuijaribu pikipiki barabarani. Nikifika kona ya kwanza nililegeza mfuniko kidogo, nikatembea saa nzima bila kukohoa, nikarudi na habari njema. Kabla ya kuingia getini niliubana tena. Niliubana sawasawa, kwa mikono yangu miwili, ili kesho yake izime na niitwe.

Na niliitwa. Kila siku.

Wakati huohuo mke wangu alianza kusogea. Siku ya tatu alinisalimu yeye kwanza. Siku ya tano alinishikia tochi nikiwa nimeinama chini ya injini, bega lake likagusa langu, nikasahau spana ninayoitafuta ni ya namba ngapi.

"Leo umegundua nini?" aliniuliza.

"Bado natafuta."

"Pole. Utaipata tu."

Alisema kwa upole, nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa siwezi kutulia. Nikiwa kwao nilitaka kuondoka kabla sijashtukiwa. Nikiondoka, kabla sijafika nusu ya njia nilitaka kugeuza. Chakula kilinishinda. Nilikuwa mtu wa kutembeatembea tu chumbani, nikihesabu hatua kutoka kitandani hadi dirishani.

Siku ya saba, huku anakunja sponji, aliniambia shangazi yake amempatia nafasi katika kiwanda cha sare za shule, mji mwingine. Basi la kwenda huko hutoka saa nne asubuhi.

"Wanataka jibu wiki hii," alisema.

"Na wewe unasemaje?"

"Nafikiri." Akaiweka sponji juu ya rundo. "Unajua, siku zote hizi unasema utakuja, na unakuja. Nilikuwa nimesahau inakuwaje."

Ningesema wakati ule. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikainama nikamwaga oili iliyokuwa mpya.

Siku ya nane msambaza mikate akaingia uani anasukuma pikipiki yake, jasho linamtiririka, kreti tupu nyuma. Naye alikuwa amevisha tangi lake koti jeusi la uzi mwekundu.

"Mzee, tangu unishonee hili koti, pikipiki yangu imerogwa," alisema. "Dakika ishirini, imezima."

Baba mkwe akavua miwani. "Koti na injini vinahusiana nini?" Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye fundi. Pikipiki mbili, ugonjwa mmoja. Zinafanana kwa lipi?"

Zilikuwa zimesimama pale mbele yetu, zimevaa sare kama wanafunzi wa darasa moja. Mke wangu aliacha kukata sponji, akaja kusikiliza.

"Mafuta, baba," nikasema. "Bila shaka mnanunua kituo kimoja. Wanachanganya na mafuta ya taa."

"Nilijua," baba mkwe akasema. "Watu hawana haya."

Akarudi kwenye cherehani yake kumalizia koti jingine. Msambaza mikate akaondoka akiwalaani wenye kituo cha mafuta, watu ambao hawakumkosea lolote. Niliapa kimoyomoyo: kesho asubuhi, kabla ya salamu, nasema kila kitu.

Kesho ikafika. Nilitoka nyumbani mapema, maneno yangu nimeyapanga, nayarudia njiani mpaka watu wakanipisha. Nikaingia uani. Cherehani zilikuwa zimefunikwa. Pikipiki haikuwepo. Mama mkwe alikuwa peke yake, anafagia vipande vya uzi.

"Hujapishana nao?" akaniuliza. "Wametoka sasa hivi. Na begi."

"Begi la nani, mama?"

"La mkeo, la nani tena? Ila mimi nimeambiwa nifunge mdomo, na nimefunga."

Akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja, akaendelea kufagia. Nilimtazama mama yule akicheka nikasema moyoni, kumbe wote walikuwa wanasubiri kwa hamu waniondoe.

Nilitazama saa. Saa tatu na nusu. Shangazi, kiwanda, basi la saa nne. Kila kitu kikapangika kichwani mwangu.

Halafu kikaja kingine, na nakiandika kama kilivyokuja. Kwa mwendo wa baba mkwe, kutoka pale hadi stendi ni dakika kumi na nane. Pikipiki huzima dakika ya kumi na tisa au ya ishirini. Kukiwa na foleni kidogo tu sokoni, itazima kabla ya stendi. Na jana jioni mfuniko niliubana mwenyewe.

Nikakaa juu ya rundo la sponji, nikaomba foleni.

Sikukaa hata dakika. Nikainuka, nikaenda getini, nikarudi. Nikaitoa simu, nikairudisha mfukoni, nikaitoa. Mama mkwe aliniuliza kama nataka chai, nikamjibu kwamba mvua haitanyesha. Saa tatu na dakika arobaini. Arobaini na tano. Isipoita, amefika stendi na ameondoka. Ikiita, wamekwama na amebaki. Sijawahi kuitazama simu kwa macho yale.

Saa tatu na dakika hamsini na moja, ikaita.

"Mkwe, imezima," baba mkwe alisema. "Tuko hapa mbele ya duka la saruji."

Nilifurahi. Sitawadanganya hata nyie. Nilifurahi mpaka nikaegemea ukuta.

"Nifanye nini?" aliuliza.

Nyuma yake nilimsikia mke wangu: "Baba, mwambie afanye haraka, mimi nitachelewa."

Dawa yake ni maneno matatu. Fungua mfuniko, baba. Angefungua, angepiga kiki, wangeondoka.

"Msiguse kitu," nikasema. "Nakuja."

Nikatoka getini nikitembea. Nilitembea kama mtu anayetoka kununua vocha. Dakika tisa tu zilikuwa zimebaki, na zilikuwa zinaniishia vizuri. Nikapita duka la kwanza, la pili. Kwenye la tatu nikaiona sura yangu kwenye kioo cha dirisha: ovaroli, grisi viganjani, na uso ule niliokuwa nauvaa wakati natoka kwenye mabenchi ya hospitali. Uleule kabisa. Nilimwibia mke wangu miezi miwili kwa uso ule, na sasa nilikuwa namwibia kazi yake, na safari yake, na uamuzi wake.

Nikaanza kukimbia. Kwenye kona nikaikuta pikipiki ya kukodi, nikarukia nyuma.

"Duka la saruji," nikamwambia dereva. "Usiangalie mashimo."

Alilitii neno langu. Tulipita sokoni kwa kupenya penye nafasi na pasipo na nafasi. Tulipita stendi, nikaliona basi bado limesimama, linanguruma, kondakta ananing'inia mlangoni anaita abiria wa mwisho. Bado kuna dakika, nikajisemea. Nikiwahi, bado atalipata.

Nikawakuta kando ya barabara. Baba mkwe amechuchumaa anaikodolea injini macho. Mke wangu amesimama na begi mabegani, amejifunga kitambaa kipya kichwani. Aliponiona akatabasamu, tabasamu pana ambalo sikuwa nimeliona tangu mwaka jana, na hata hilo halikunizuia. Nilijua nikisita nitaharibu.

Sikusalimu. Nikaenda moja kwa moja kwenye tangi, nikazungusha mfuniko.

Fyuuu.

Nikapiga kiki, ikawaka. Baba mkwe akasimama polepole.

"Ni hii kofia, baba," nikasema. "Imeziba pumzi ya tangi. Kabureta ni nzima, plagi ni nzima, wenye kituo cha mafuta hawana kosa. Nilijua tangu siku ya kwanza. Kila jioni nilikuwa nailegeza ili itembee, nikirudi naibana ili izime. Nilitaka niwe nakuja." Kisha nikamgeukia mke wangu, maneno yananitoka bila kituo. "Nisamehe kwa lolote utakaloweza. Ila basi bado lipo, nimeliona. Mkigeuza sasa hivi mtaliwahi."

Hakuna aliyesogea.

"Tugeuze?" baba mkwe akauliza. "Tugeuze twende wapi?"

"Stendi, baba."

"Stendi tumeipita, mkwe."

Nikageuka nikatazama nilikotoka. Stendi ilikuwa kule nyuma, nimetoka kuipita mwenyewe sasa hivi. Mbele yetu barabara iliendelea kuelekea darajani, na baada ya daraja ni mtaa mmoja tu ninaoujua vizuri. Ni mtaa wangu.

Mke wangu lile tabasamu lilikuwa limeshamtoka.

"Nilikataa ile kazi juzi," akasema. "Nilitaka uje uani leo unikose, urudi nyumbani unikute nimeshapika. Mama tulimwambia asiseme."

Nikauweka mfuniko juu ya tangi bila kuukaza.

"Siku ngapi umejua?" akauliza.

"Tisa."

"Na nilipokushikia tochi?"

"Nilikuwa najua."

"Na uliponiambia bado unatafuta?"

"Nilikuwa najua."

Akavua begi mabegani, akaliweka chini kati yetu, kwenye vumbi. "Jana nilimbishia mama hadi sauti ikanikauka," alisema. "Nilimwambia huyu sasa ni mtu mwingine, kila neno lake nimeliona kwa macho yangu."

Baba mkwe hakutukana. Ningependa angetukana. Alitoa kisu kidogo cha kukatia uzi, akaingiza ncha chini ya kofia ya mfuniko, akaibandua. Akaigeuzageuza kiganjani, akapitisha kidole kwenye mshono wake mwekundu.

"Haya makoti nimeshona kumi na mbili," akasema. "Kumi na mbili yako barabarani. Mengine nimeyashona ukiwa umekaa mbele yangu, unakunywa chai yangu."

"Ndiyo, baba."

"Ungeniambia siku ile, ningekasirika siku moja. Ningeshona kofia yenye tundu, yakaisha."

"Ndiyo, baba."

Akaitia kofia mfukoni, akapanda pikipiki yake. Injini ilikuwa inanguruma vizuri, bila kukohoa. "Nawahi kwa yule wa mikate," alisema. "Anapita barabara kuu na malori, ikimzimia katikati itakuwa shauri jingine. Halafu niwatafute hao wengine." Akanyoosha mkono, akaliokota begi la bintiye, akaliweka mbele yake juu ya tangi. "Mwanangu, hili nilipeleke wapi?"

Mke wangu alishika mkanda wa begi. Akauachia, akaushika tena. Nilitaka kusema kitu, akanyanyua kiganja kunizuia bila kunitazama.

Baba mkwe akapunguza mafuta injini itulie, ili amsikie vizuri, akamuuliza mara ya pili.